Milodi na Watu Sita

Jumanne, 8 Septemba 2015

Kampuni imenipa daftari la kazi na masharti yake: mgonjwa amekula nini, amekwenda choo saa ngapi, amelala vipi. Kwa Kiingereza, sentensi fupi, bila maoni. Bon. Maoni nitayaweka humu, kwa Kiswahili, kwa sababu mtu aliyekuwa sekretari wa chefferie, ofisi ya mwami, mtawala wetu wa jadi, kwa miaka kumi na moja hawezi kukaa siku nzima bila maoni.

Mgonjwa ni Mwingereza wa miaka themanini na miwili, mjane, anaishi katika nyumba ya matofali mashariki ya Louisville. Mimi natoka Beechmont: mabasi mawili, halafu mguu. Karatasi ya kampuni inamwita Mista Wexmoor. Lakini ukutani ipo picha yake, amevaa joho jekundu lenye manyoya meupe shingoni, na chini yake imeandikwa Lord Wexmoor. Kampuni haikusoma ukuta. Mimi nilimwita Milodi, kama mapadri walivyotufundisha kwenye Kifaransa chao. Akainua macho kutoka kwenye gazeti.

"Jina lako?"

"Murhula Zéphyrin."

"Vizuri, Murhula. Chai ni saa kumi."

Hakuna mista, hakuna tafadhali. Dative, mke wangu, amekasirika nilipomsimulia. Mimi sikukasirika. Mwami wetu naye hakuwa na tafadhali.

Ijumaa, 11 Septemba

Mvua. Mayai mawili. Ameniuliza kama kwetu kuna bunge. Nikasema lipo. Akauliza kama linafanya kazi. Nikamwongezea chai.

Jumatano, 16 Septemba

Saa ya chai ndiyo saa yake ya kusimulia. Nimeanza kuielewa safari yake, kwa hiyo naiandika kabla haijachanganyika na nyingine.

Alizaliwa katika nyumba yenye vyumba ambavyo hakuna aliyevihesabu. Kaka mkubwa alikufa kwa homa, yeye akawa mrithi. Akiwa na miaka thelathini na mmoja aligombea ubunge wa mashambani, akatembea mlango kwa mlango kwa wiki sita, akashinda kwa kura mia nne na kumi na mbili. Hiyo idadi huisema jinsi watu wengine wanavyosema jina la mtoto wao wa kwanza. Miaka minne baadaye baba yake akafariki. Kwao mtu hawezi kukaa kwenye baraza la waliochaguliwa na kwenye baraza la mabwana kwa pamoja. Sheria ilimpa mwezi mmoja: akikataa cheo cha baba anabaki mbunge, akikaa kimya anakuwa Lodi.

"Ukafanya nini, Milodi?"

"Nilikaa kimya."

Akakaa kwenye kiti cha baba yake miaka thelathini na mmoja, hadi serikali ilipowatoa mabwana wa kurithi kwa mamia. Mkewe alikuwa mtu wa huku Kentucky, watu wa farasi, basi wakahamia kwao. Mke amekufa miaka minne iliyopita.

Nilimwambia alifanya vyema. Kiti cha baba hakikataliwi. Kuomba kura mlango kwa mlango ni mambo ya ombaomba. Mwami wa kweli hachaguliwi na mtu. Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyesema neno la kipumbavu mbele ya wageni.

"Murhula," akasema, "mtu asiyechaguliwa hajui kamwe kama anatakiwa."

Sikukubali. Nilikusanya vikombe.

Jumamosi, 19 Septemba

Binti yake, Philippa, amekuja kutoka Columbus. Huja kila baada ya wiki mbili, zaidi ya saa tatu kwenye gari, na hukaa na koti mwilini kama mtu atakayefukuzwa. Amekuta birika limeungua mpaka chini limekuwa jeusi. Milodi aliliwasha Alhamisi, mimi nikiwa nimekwishaondoka.

Wamegombana sebuleni. Binti alikuwa akilia. Anasema kila simu ikilia anafikiri ni habari za moto. Ataiomba mahakama imkabidhi mambo ya baba yake, ampeleke kwenye nyumba ya wazee karibu naye.

"Sitoki hapa," Milodi akasema, "ila kwa kura."

Binti akajibu kwamba Kentucky ndivyo inavyofanyika. Raia sita wataketi mahakamani, watasikiliza, na wao ndio watakaoamua kama bado ana akili za kujitunza. Watano wakikubaliana, imetosha.

Sijawahi kumwona mzee akifurahi hivyo. Alimwomba binti yake arudie. Watu sita!

Ijumaa, 25 Septemba

Mdogo wangu Cikuru amepiga simu kutoka Buffalo, mtaa wa Riverside. Anasema mzee wangu akiondoka nisihangaike, kwao viwanda vinatafuta watu. Nikamuuliza kuhusu theluji. Akabadilisha mazungumzo.

Jumanne, 6 Oktoba

Leo mahakama imemtuma mtu kupima akili za Milodi. Mama mpole, miwani inaning'inia kwenye kamba. Nimemkaribisha chai. Akaketi mbele ya mzee, akafungua faili, akauliza: "Unaitwa nani?"

Niliona aibu mpaka masikioni. Kwenye baraza la mwami wetu mgeni hamwulizi mwami jina lake. Hamwulizi kitu chochote uso kwa uso. Mgeni anasema, mwami anasikia, na aliyeketi kushoto kwake ndiye anayejibu. Huyo wa kushoto akinyamaza, ni sawa na kumwacha bwana wake avuliwe nguo hadharani. Miaka kumi na moja, wa kushoto nilikuwa mimi.

Milodi akanyamaza, kama anavyonyamaza kabla ya kila jambo. Akanigeukia. Nikajibu.

Maswali kumi na mawili, nimeyajibu yote. Mwaka, siku, mji, rais wa nchi, kazi aliyofanya ujanani. La mwisho lilikuwa kutoa saba kutoka mia, halafu saba tena, na saba tena. Hapo nilichelewa kidogo lakini nilifika. Mama yule aliandika sana, akatabasamu, akanishukuru. Milodi alikunywa chai yake kwa utulivu. Nimerudi nyumbani nimejaa fahari. Ni miaka mingi sijafanya kazi yangu.

Jumatano, 14 Oktoba

Mungu wangu.

Wakili wa Milodi amempa nakala ya ripoti, naye Milodi amenipa mimi, macho yake hayawezi herufi ndogo. Nimeileta nyumbani anisomee Jolie, binti yangu, Kiingereza cha mahakama kinanishinda. Amesoma amesimama jikoni. Imeandikwa kwamba mzee hakujibu hata swali moja kati ya kumi na mawili. Kwamba anamtegemea mhudumu hata kwa jina lake mwenyewe. Jolie akaniambia, kwa Kiingereza chake kama kawaida, kwamba huo ulikuwa mtihani, na kwamba mimi nimefanya mtihani wa mtu mwingine.

Dative akashika kiuno.

"Weye Baba Jolie! Juu ya nini ulimujibia? Muzee iko na kinywa yake!"

"Nilimheshimu."

"Ndiyo umemumaliza sasa na heshima yako! Kesho unaenda kumwambia, donc usilete hiyo uso ya padiri. Unamwambia tu."

Mwanamke huyu anafanya kazi ya kufunga maboksi huko Jeffersontown saa kumi kwa siku, na bado ana nguvu za kuwa sahihi.

Alhamisi, 15 Oktoba

Nimemwambia. Nilisimama, nikaeleza yote, mwami, kushoto, kuvuliwa nguo. Alicheka mpaka akakohoa, nikampigapiga mgongoni.

"Na ile ya saba saba?"

"Nilifika mpaka mbili, Milodi."

Akafuta macho. "Mimi nisingefika," akasema. Kicheko kikakatika hapo.

Wakili anasema kesi ni tarehe 19 Novemba na hakuna muda wa kupimwa tena. Milodi atasema mwenyewe mbele ya wale sita, nami nitaitwa shahidi nieleze kosa langu. Najiona mjinga, na ujinga wenyewe niliuvalia koti na tai.

Alhamisi, 22 Oktoba

Hili sikuliandika kwenye daftari la kampuni.

Saa nne asubuhi alikuja fundi kukagua ving'ora vya moto. Nilikuwa ghorofani nikimwonyesha vyumba. Alibonyeza, king'ora kikalia kwa muda mrefu. Nilipoteremka kiti cha Milodi kilikuwa kitupu na mlango wa mbele uko wazi.

Nilimkuta nyumba ya nne, amevaa nguo za kulalia na soksi, bila fimbo. Majani yaliyoanguka yalikuwa yamelowa na soksi zake zilikuwa zimelowa pia. Alikuwa amemsimamisha kijana wa kukusanya majani na anamuuliza kwa adabu kubwa, wanaokubali waende upande gani. Kwao bunge hupiga kura kwa miguu, wanaokubali upande huu, wanaokataa upande ule, na kengele ikilia wabunge wana dakika nane kufika. Waliochelewa wanafungiwa mlango. Aliniona, akaniambia tukimbie.

Nilimshika mkono. Nilimwambia kura imeahirishwa. Alirudi nami bila ubishi mpaka kwenye ngazi, na pale kwenye ngazi akazitazama soksi zake.

"Murhula, nilikuwa nakwenda wapi?"

"Kupiga kura, Milodi."

"Kuhusu nini?"

Nilimwingiza ndani. Nilimkausha miguu. Wakati wa vita kwetu nimefunga vidonda vya watu waliokatwa mikono, nimezika jirani zangu kwa mikono hii, nilifikiri nimekwisha kukauka. Leo nimemwonea huruma mtu huyu mpaka nikaenda kusimama chooni.

Kwenye daftari la kampuni nimeandika: amekula vizuri, ametembea kidogo.

Ijumaa, 23 Oktoba

Uji. Soksi nimezianika.

Jumatatu, 2 Novemba

Kampeni imeanza. Amenifanya nipange viti sita vya chumba cha kulia kwa safu mbili. Anasimama mbele yavyo na fimbo, anaviambia yeye ni nani. Mimi naketi kiti cha tatu, nikiwa mpiga kura mgumu.

"Kwa nini nikuchague wewe?" nikamuuliza.

"Kwa sababu nakuomba."

"Hiyo haitoshi, Milodi."

Akaanza upya. Nimeanza kuelewa kitu. Mwami wetu hakuwahi kumwomba mtu yeyote chochote, na vita vilipokuja hakuna aliyejua kama tunampenda, hata sisi wenyewe. Watu walikwenda zao na yeye akaenda zake. Sijasema kwamba mzee yuko sahihi. Nasema nimeanza kuelewa.

Jumapili, 8 Novemba

Kanisani. Baadaye Dative amenibana jikoni, Jolie akiwa chumbani na simu yake. Alishajua tangu siku ile kwamba kuna kitu, kwa jinsi nilivyokula.

Nikamweleza soksi. Akakaa chini.

"Bakikuuliza utasema nini?"

"Labda hawataniuliza."

"Bakikuuliza."

"Nikisema, anapelekwa. Anakufa kule kwa huzuni, na mimi ndiye niliyemwangusha mara mbili. Nikificha, anabaki kwake."

"Na siku kengele inalia tena, weye uko kwenye basi?"

Hilo sikulitaka. Akaendelea, kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko ile ya juu: "Na utadanganya mukono ikiwa juu, mbele ya Mungu. Miye siwezi kukusaidia hapo, Baba Jolie. Hata nikikupenda namna gani."

Alhamisi, 12 Novemba

Viti sita. Leo amesahau jina la mkewe katikati ya hotuba. Tulingoja pamoja mpaka likarudi.

Jumatano, 18 Novemba

Nimepiga pasi suti yake na yangu. Hajaniomba nifiche, wala hajaniomba niseme. Kama angeniomba, lolote kati ya hayo mawili, ningelala vizuri.

Alhamisi, 19 Novemba

Naandika haya nikiwa na viatu miguuni, nisije nikalala kabla.

Chumba cha mahakama ni kidogo kuliko nilivyofikiri, taa nyeupe, zulia la kijivu. Wale sita waliketi upande: wanaume wawili wa rika langu, kijana mmoja mwenye ndevu, bibi mmoja wa Kizungu aliyeshona muda wote bila sindano, vidole tu, msichana wa benki, na mama mmoja Mweusi mnene mwenye sweta la kijani. Milodi aliwatazama mmoja mmoja tangu tulipoingia. Philippa alikaa peke yake, koti mwilini.

Kwanza mama wa ripoti akasoma ripoti. Kumi na mawili, sifuri. Halafu Milodi.

Alikuwa mzuri, jamani! Alisema tarehe, alisema mji, alimtaja rais na makosa yake. Walipomuuliza kwa nini anataka kubaki, hakuitaja nyumba. Alisema: "Maishani mwangu nimechaguliwa mara moja tu kwa haki. Kila kitu kingine nilipewa. Nawaomba ninyi, msionijua, mniamini kwa muda mfupi uliobaki." Kijana mwenye ndevu akatikisa kichwa kukubali. Nikajiambia, ameshinda.

Wakaniita. Nikainua mkono, nikaapa. Wakili wa Milodi akaniongoza, nikaeleza lile kosa, jinsi wa kushoto anavyojibu. Nilipofika kwenye saba saba watu wakacheka, hata jaji. Mama wa sweta la kijani alicheka kwa sauti. Nikaanza kushuka.

Wakili wa Philippa akasimama. "Swali moja tu, bwana. Tangu umeanza kazi pale, amewahi kutoka nje bila kujua anakwenda wapi?"

Wanaume wazima wamenielekezea bunduki na nikasema uongo bila kigugumizi. Hapa ulimi ulikataa, uongo na ukweli pia. Nilifanya kile nilichokizoea: niligeuka kumtazama bwana wangu. Jaji akaniambia nimtazame wakili. Nikaendelea kumtazama Milodi.

Naye akasimama, polepole, mikono yote miwili kwenye fimbo.

"Waambie, Murhula. Baraza halidanganywi."

Jaji akamwamuru aketi. Akaketi. Nikawaambia: king'ora, soksi, nyumba ya nne, wanaokubali waende upande gani. Nikawaambia pia kwamba sikuandika kwenye daftari la kampuni. Nilisikia Philippa akivuta pumzi, lakini sikumtazama. Nililia mbele ya watu na sikujifuta.

Walikaa ndani dakika arobaini. Karatasi ikarudi na sahihi tano. Hawezi kuishi peke yake. Mambo yake yote mikononi mwa binti yake.

Nilidhani ataanguka. Wapi! Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akamwomba jaji dakika moja. Akamshukuru jaji kwa kusimamia shughuli kwa haki. Akamshukuru karani. Akawashukuru askari wawili wa mlangoni. Ndivyo wafanyavyo kwao walioshindwa, usiku wa kuhesabu kura, jukwaani, mbele ya aliyewashinda. Kisha akamgeukia Philippa.

"Nampongeza mpinzani wangu. Ameendesha kampeni safi, na amefanya hivyo kwa sababu ananipenda. Mimi katika nafasi yake ningekaa kimya."

Philippa akavua koti. Sijui kwa nini hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Alilivua, akalitupa kwenye kiti, akaja kumkumbatia baba yake.

Tukiwa nje kwenye maegesho, Philippa amekwishawasha gari, yule mama wa sweta la kijani akatufuata, anahema. Akamwambia Milodi: "Sikutia sahihi. Nilitaka ujue. Nilijua huenda wako sahihi, lakini mtu akiniomba vile, siwezi."

Milodi alivua kofia. Mvua ilikuwa inaanza, nikataka kumfunika, akanisukuma. Alimuuliza jina lake. Earlene Tharp. Alimuuliza kazi yake. Mpishi wa shule. Halafu akamuuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya mtu wa miaka thelathini na mmoja:

"Mama Tharp, kuna jambo gani mtaani kwako linalokusumbua?"

Yule mama akacheka, akafikiri ni mzaha. Akaona si mzaha. Akasema wameondoa kituo cha basi kwenye barabara ya Tolliver tangu kiangazi, na sasa anatembea dakika ishirini na tano alfajiri, na goti lake ni bovu.

"Andika, Murhula," Milodi akasema.

Sikuwa na karatasi. Nimeandika mgongoni mwa hati ya kuitwa shahidi: jina, barabara, goti.

Jumamosi, 21 Novemba

Ameondoka kwenda Columbus, kiti cha mbele, picha ya joho jekundu nyuma imefungwa blanketi. Philippa ameniomba niende nao. Nimemwambia mke wangu ana kazi yake na mtoto yuko shuleni. Milodi amenipa mkono na kusema, "Ile barua, Murhula." Nyumba nimeifunga mimi.

Jumatatu, 23 Novemba

Kampuni imenionya kwa maandishi kuhusu daftari. Ni haki yao. Nimepewa bibi mmoja karibu na nyumbani, hataki hadithi, anataka televisheni.

Jumatano, 25 Novemba

Nimeandika kwa kampuni ya mabasi. Jolie amesahihisha. Alitaka kujua naandika kama nani. Nikamwambia aandike tu kwamba Lord Wexmoor anauliza kwa niaba ya Bi Earlene Tharp, mpiga kura wake. Akanitazama. Akaandika.

Ijumaa, 4 Desemba

Amepiga simu saa kumi kamili. Hakunisalimia. Aliuliza kama kituo kimerudi. Nikasema bado. Akasema niandike tena.

Ijumaa, 11 Desemba

Saa kumi. Kampuni ya mabasi imejibu kwa karatasi moja kwamba imepokea maoni yetu. Nimemsomea. "Hilo si jibu," akasema. Nikaandika tena.

Ijumaa, 18 Desemba

Leo simu imelia saa kumi na nusu. Alikuwa Philippa. Anasema wiki hii baba yake hakumtambua siku mbili, na jana alimwita kwa jina la mama yake. Aliniomba radhi kwamba atanisumbua kwa jambo ambalo labda halina maana. Kisha akampa mzee simu.

Nilisikia vijiko na televisheni ya watu wengine.

"Ni nani?" akauliza.

"Murhula, Milodi."

Jina halikumwambia kitu. Nilimsikia akilitafuta na kulikosa. Dative alikuwa mlangoni na vazi lake la kazi, akaacha kufunga vifungo.

Halafu akasema: "Mama Tharp amepata basi lake?"

"Bado, Milodi."

"Andika tena."

Nimeandika tena.